Kurudisha Kondoo Wekundu: Uzoefu wa Familia Chache za Kajiado

Hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kuamua kwamba kondoo wekundu wa Kimaasai waishe. Walipotea kidogo kidogo, dume mmoja baada ya mwingine, kwa maamuzi ambayo kila moja lilionekana la busara lilipofanywa: dume wa Dorper, aina ya kigeni ya kondoo wa nyama, alizaa wanakondoo wakubwa, wanakondoo wakubwa walipata bei nzuri katika masoko ya Bissil na Kiserian, na bei nzuri ililipa karo ya shule. Dorper, wenye asili ya Afrika Kusini, walianza kusambazwa kwa wingi kwa wafugaji wa Kenya katika miaka ya 1970, na kufikia wakati nilipokabidhiwa kundi la familia yetu, kusini mwa Kaunti ya Kajiado, ilikuwa vigumu kumpata kondoo ambaye wazee wangekubali bila kubishana kwamba damu yake haijachanganyika. Ninaandika kwa ajili ya wafugaji wanaofikiria kurudisha mnyama wao wa asili, awe kondoo, mbuzi, ng'ombe au ngamia, kwa sababu kazi hii ina gharama ambazo sisi hatukuambiwa mapema, na kwa sababu maandishi mengi niliyosoma kabla ya kuanza yalimtaja mfugaji mwishoni kabisa, tena kama mtu wa kuelimishwa.

Kilichotusukuma ni ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, ambao misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha, na ambao uliua mifugo zaidi ya milioni 2 nchini Kenya. Kwetu haukuua kwa usawa. Chotara wenye damu nyingi ya Dorper walikuwa wa kwanza kubaki nyuma njiani, kwa maana mwili mkubwa unadai malisho mengi na safari kati ya maji na majani ilikuwa ndefu kuliko nguvu zao. Pigo ambalo hatukulitarajia, hata hivyo, lilikuja mvua iliporejea mwaka 2023. Majani yaliota, tukashukuru, na baada ya wiki chache wanyama walioponea njaa wakaanza kufa kwa minyoo. Mnyoo anayewasumbua kondoo zaidi, ambaye wataalamu humwita Haemonchus, hukaa tumboni akinyonya damu. Mnyama hupauka ndani ya kope, huvimba chini ya taya, kisha hulala asiinuke. Tulinunua dawa, na kadiri tulivyoirudia ndivyo ilivyopungua nguvu, jambo ambalo afisa mifugo alitueleza kuwa hutokea pale kundi zima linaponyweshwa dawa ileile kila mara bila kuangalia ni nani anayeihitaji. Katika boma la shangazi yangu, ambaye kwa ubishi wake hakuwahi kukubali dume wa Dorper, kondoo walikuwa wadogo, wekundu, wenye mkia mnene wa mafuta, na wengi wao walikuwa hai.

Baadaye nilisoma kwamba tofauti hiyo ilikuwa imepimwa zamani. Katika miaka ya 1990, watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo yenye makao makuu Nairobi, waliwalinganisha Dorper na kondoo wekundu huko Diani, pwani ya Kenya, mahali penye joto, unyevu na minyoo mingi, wakakuta kwamba wanakondoo wekundu walikuwa na mayai machache ya minyoo kinyesini, upungufu mdogo wa damu na vifo vichache. Naongeza upande wa pili wa habari hiyo kwa sababu wahamasishaji wengi huuruka: katika kituo cha Ol Magogo karibu na Naivasha, eneo kavu zaidi, kondoo mwekundu hakumzidi mwenzake kwa kiwango kile. Anayetaka kurudisha aina ya asili asiahidiwe mnyama asiyeugua. Sotoka ya mbuzi na kondoo haichagui rangi, na chanjo ni lazima kwa wote. Mnyama wa asili hupata ubora wake mahali alipochujwa, chini ya taabu za mahali hapo, na nje ya hapo anaweza kuwa wa kawaida tu.

Katika kuchuja huko ndiko kazi ya mfugaji ilipo, na ndiko nilikokuwa mjinga zaidi kuliko nilivyodhani. Nilifikiri ukame na magonjwa hufanya kazi hiyo peke yake: dhaifu hufa, hodari hubaki. Lakini mnyama aliyebaki hana maana kwa kizazi kijacho kama mwenye kundi atamuuza kesho yake na kumweka mwingine mwenye umbo la kupendeza sokoni. Waorma wa Tana River wana ng'ombe wa Boran wanaostahimili nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, kuliko Boran wa ranchi za biashara, na hali hiyo ilitokana na watu walioendelea kufuga karibu na mbung'o, wakahifadhi uzao wa waliopona. Mtu akiondoka na mifugo yake katika mazingira yale, au akaanza kuchagua kwa macho ya mnunuzi, ustahimilivu ule huanza kulegea ingawa rangi na pembe hazijabadilika.

Somo hilo nililipata kwa koko, nyanya yangu mzaa baba, ambaye macho yake yamefifia lakini kumbukumbu yake ya ukoo wa kila kondoo haijafifia. Tulipoanza, familia chache tulichanga fedha, tukauza chotara kadhaa kwa bei isiyoridhisha, na vijana wawili wakatumwa sokoni kutafuta madume wekundu. Walirudi na dume mwenye umbo zuri, nikampeleka kwake kwa fahari.

"Koko, huyu je? Ni mwekundu mwili mzima."

"Mama yake ni yupi?"

"Hatumjui. Tumemnunua sokoni."

"Basi mrudisheni sokoni."

Nilidhani ni ukali wa uzee. Alipotulia alinieleza maswali yake, na hakuna hata moja lililohusu dume mwenyewe. Je, mama yake aliwahi kuzaa wakati wa kiangazi kikali na mwanawe akaishi? Alimkubali mwanawe mara moja, au alilazimika kushikwa ili anyonyeshe? Alikuwa akirudi jioni pamoja na kundi au alisubiriwa? Aliwahi kuvimba taya? Na nyanya wa dume huyo, yaani mama wa mama yake, alikufa kwa nini? Rangi aliitaja mwisho, akasema kwamba hata kondoo wenye mabaka walikuwapo utotoni mwake na hakuna aliyewadharau. Nilikuja kuelewa uzito wa maneno yake niliposoma kwamba vipimo vya vinasaba vilivyofanywa kwa kondoo wa wafugaji vimeonyesha damu ya Dorper ndani ya wanyama ambao kwa macho ni wekundu halisi. Yule dume tuliyemnunua alitoa wanakondoo wenye mkia mwembamba na sufi mgongoni. Fedha yake ilipotea, na ushauri wangu wa kwanza kwa anayeanza ni kwamba asinunue dume wa kuzalisha sokoni, kwa sababu dume mzuri aliyefikishwa sokoni mara nyingi ana sababu ya kuwa pale, na ukoo wake unabaki kwa mtu aliyemuuza. Mfuate mwenye boma, mwombe kumwona mama, na uzungumze na wanawake wa boma hilo, kwa kuwa mara nyingi wao ndio huwaangalia wanakondoo asubuhi na ndio wanaojua ni jike gani husumbua.

Kuhusu hesabu nitakuwa mfupi, ingawa ndiyo iliyowavunja moyo wengi wetu. Jike aliye nusu Dorper akipandwa na dume mwekundu wa damu safi, mwanawe atakuwa na robo tatu ya damu nyekundu. Binti huyo akipandwa na dume mwingine mwekundu, uzao utafika asilimia 87.5, kizazi kinachofuata kitafika karibu asilimia 94. Kila hatua inahitaji jike azaliwe, akomae na azae, na kwa mazingira yetu hiyo ni karibu miaka miwili. Kwa hiyo anayeanza na chotara anajiandaa kwa miaka sita au zaidi, na katika miaka hiyo atauza wanyama wadogo kuliko wa jirani yake. Sisi tuliokuwa na majike wachache wa shangazi tulikuwa na bahati. Tuliwatenga hao wawe kiini cha kundi, na chotara tukawapandisha damu polepole pembeni. Kama kuna mzee au mama katika eneo lako ambaye bado ana majike wachache wa zamani, anza naye kabla warithi wake hawajawauza.

Jambo lililotuchukulia muda mrefu zaidi halikuwa wanyama bali majirani. Kondoo wetu hulisha pamoja, hunywa maji kwenye lambo moja, na dume wa Dorper wa boma la tatu hajui kwamba sisi tuna mpango. Msimu wa kwanza, wanakondoo wengi waliozaliwa katika kiini chetu walikuwa na vichwa vyeusi kama vya Dorper. Ilinibidi nijifunze jambo ambalo wazee wetu walilijua: kipande cha ngozi kinachofungwa tumboni mwa dume, mbele ya uume, ili asiweze kupanda hadi kifunguliwe. Wamaasai wamekitumia tangu zamani kupanga majira ya kuzaa, kwa maana kondoo hubeba mimba miezi mitano, na mwanakondoo anayezaliwa mwanzoni mwa mvua hukuta mama mwenye maziwa. Tulikaa vikao vingi, vingine vya hasira, mpaka majirani wenye Dorper wakakubali kuwafunga ngozi madume wao katika wiki ambazo kundi letu linapandwa, nasi tukakubali kulipa kwa zamu gharama ya mchungaji wa ziada. Kuhasi madume chipukizi wasiotakiwa kulifanywa na kila boma, na hapo palikuwa na uchungu wake, kwa sababu kijana aliyemlea mwanakondoo mzuri wa chotara haoni sababu ya kumhasi.

Madume wenyewe tuliwafanya wa mzunguko. Kila dume hukaa katika boma moja kwa muda usiozidi miaka miwili, kisha huhamia boma jingine kabla ya binti zake kufikia umri wa kupandwa, ili baba asimpande binti yake. Dume mmoja huhudumia majike wasiozidi 30 hivi. Madume wa kwanza watolewe kwa watu wasio na undugu wa mifugo. Sisi tulipokea wawili waliokuwa ndugu wa baba mmoja, tukagundua tu pale koko alipouliza tena swali lake la siku zote, na mmoja akabadilishwa kwa wakati. Daftari la kuandika ukoo ni la lazima, lakini likiwa kwa katibu peke yake halina uhai. La kwetu husomwa kwa sauti kwenye kikao, wazee husahihisha, na marekebisho yao huandikwa palepale.

Kuhusu fedha sitaficha. Dalali hununua kwa macho na kwa kuinua mgongo wa mnyama kwa mkono, na kondoo mwekundu akiwekwa kando ya chotara huonekana mtoto. Kuna msimu tuliorudi kutoka sokoni tukiwa na fedha isiyotosha karo, na mke wangu akaniuliza, kwa upole ulioniuma kuliko kelele, kama watoto watasoma kwa jina la kondoo. Upande wa pili wa hesabu ulionekana taratibu: dawa ya minyoo ilipungua sana kwa sababu tulianza kukagua kope la chini la jicho na kumnywesha yule tu aliyepauka, vifo vya wanakondoo vilipungua, na akina mama waliojifungua walipata tena mafuta ya mkia bila kuyatafuta mbali. Lakini faida ya aina hiyo haishikiki mkononi siku ya soko, na asiye na akiba ya kumvusha misimu ya mwanzo asiingie peke yake.

Kilichookoa mpango wetu ni kuacha kumchukia Dorper. Sehemu ya majike wekundu ambao si wa kiini hupandwa na dume wa Dorper, na wanakondoo wao wote, madume na majike, huuzwa. Hakuna anayebaki kuzaa. Hao hukua haraka, hupata bei, na fedha yao hulipia subira ya kiini. Hatari haikuwa kuchanganya damu. Hatari ilikuwa kuchanganya hadi jike wa mwisho. Dorper mwenyewe, kwa taarifa ya wanaomwona kuwa mnyama wa wazungu tu, alitengenezwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930 kwa kuchanganya Dorset Horn wa Uingereza na kondoo mwenye kichwa cheusi ambaye asili yake ni Pembe ya Afrika, kwa wafugaji wa Kisomali. Kama wafugaji wale wasingekuwa na kondoo wao, Dorper asingekuwapo.

Nilipoanza kutafuta msaada nilikutana na ukimya wa takwimu. Sensa za Kenya za 2009 na 2019 ziliwatenganisha ng'ombe wa kienyeji na wa kigeni, lakini kondoo wote wakawekwa katika safu moja, hivyo mtu hawezi kusema wekundu wamebaki wangapi. Si Kenya peke yake: ripoti ya FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, ya mwaka 2015 ilisema kwamba asilimia 17 ya aina za mifugo duniani ziko katika hatari ya kutoweka, na kwamba asilimia 58 hali yake haijulikani. Nilipoiona namba hiyo ya pili nilimfikiria koko, ambaye angeweza kueleza hali ya kondoo wa kata nzima kwa jioni moja kama angeulizwa.

Wapo wanaosema kwamba mbegu zigandishwe maabara, na sipingi, kwa kuwa moto mmoja au gonjwa moja linaweza kufuta kundi. ILRI pia hufuga kundi la kondoo wekundu katika ranchi yake ya Kapiti, Kaunti ya Machakos, na jambo hilo ni la heri. Ila mbegu ya kondoo dume iliyogandishwa haishiki mimba vizuri ikiwekwa kwa njia ya kawaida, na hata ikishika, mnyama atakayezaliwa atahitaji mtu anayejua kumfuga na eneo la kumfuga. Kilichogandishwa hakiendelei kuchujwa na ukame wa mwaka huu.

Watafiti na miradi wakija, wapokeeni, lakini kwa maandishi. Mifugo yetu iliwahi kuchukuliwa sampuli za damu na watu walioahidi kurudisha majibu, nasi hatukuwaona tena. Mradi mwingine, baada ya ukame, uligawa madume wa Dorper bure kwa nia njema ya kufufua mifugo, na nusura uturudishe mwanzo. Ilibidi tuwaombe waliopokea wakubali utaratibu wa kufunga ngozi. Laiti tungejua mapema kwamba wafugaji wa Samburu waliandika mwaka 2009 itifaki yao ya jamii inayoeleza mifugo yao ya asili, ujuzi wao na masharti ya anayetaka kuitumia, na kwamba Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, makubaliano ya kimataifa kuhusu matumizi ya vinasaba vya viumbe na ujuzi wa jadi, inazitambua itifaki za aina hiyo. Yetu sasa ni kurasa chache za Kiswahili na Kimaasai zinazosema nani aulizwe, majibu yarudishwe kwa nani, na damu isichukuliwe kabla ya kikao.

Limebaki suala la ardhi, na hapo sina la kujivunia. Ranchi za vikundi, yaani ardhi iliyomilikiwa kwa pamoja, zilizoundwa kwa sheria ya mwaka 1968 zimegawanywa sehemu nyingi za Kajiado, na ua unaongezeka kila mwaka. Mnyama aliyezoea kuhama akifungiwa kwenye ekari chache hulisha juu ya kinyesi chake, minyoo huongezeka, na madume hushindwa kuzunguka kati ya maboma. Familia mbili katika kikundi chetu zimeshaweka ua. Tumekubaliana nazo kuacha njia ya kupitisha mifugo na kuheshimu olopololi, yale malisho ya akiba karibu na boma yanayoachwa kwa wadogo na dhaifu, lakini makubaliano hayo ni ya mdomo, na mmoja wa wamiliki anatafuta mnunuzi.

Kwa sasa tunajiandaa kuwafungua madume ngozi mwezi Juni ili majike wazae mvua za vuli zinapoanza Novemba. Familia tatu mpya zimeomba dume. Tumezikubalia kwa masharti kwamba kila moja ihasi kwanza madume chotara waliomo zizini, na kwamba baada ya msimu wa pili irudishe dume chipukizi mmoja ambaye mama yake anajulikana. Moja ya familia hizo inadai sharti hilo ni kali mno, na kikao cha kulijadili bado hakijafanyika.